Mshale Ulioruka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Aline Matthey alikuwa na kazi moja asiyoruhusiwa kuikosa: kufagia karakana ya mama yake. Sakafu ile haikufagiwa kwa papara. Ilifagiwa kwa brashi laini, na takataka zilikaguliwa kwanza chini ya taa, kwa sababu skrubu ya saa inaweza kuwa ndogo kuliko punje ya ulezi. Aline alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliianza tangu darasa la kwanza. Alipokuwa akifagia, macho yake hayakukaa sakafuni. Kugusa vitu vya mezani alikatazwa, lakini kutazama hakukatazwa na mtu.

Mama yake, Bi Josiane, alikuwa fundi saa. Mjini Le Locle hilo halikuwa jambo la kutangazia watu, maana kila nyumba ilikuwa na fundi wake, au mjane wa fundi, au mtoto aliyekuwa akisomea ufundi. Lakini miaka ile ilikuwa mibaya. Saa za betri zilikuwa zimemiminika kutoka ng'ambo, rahisi kama njugu, na viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine. Baba za watoto wengi shuleni walishinda nyumbani wakitazama theluji.

Kwa hiyo watoto wa mji huo walijua jambo moja hata kabla hawajajua kuzidisha. Saa ya springi, mshale wake wa sekunde hutiririka bila kusita. Saa ya betri, mshale wake huruka: tik, unasimama, tik, unasimama. Unaotiririka ni wetu, unaoruka ni wa adui. Na ukiona saa ya fahari, ya dhahabu na jina kubwa, lakini mshale wake unaruka, basi hiyo ni bandia, tumbo lake limejazwa takataka za betri. Hivyo ndivyo walivyoambiana, na hakuna aliyewahi kuliuliza jambo hilo mara mbili.

Alhamisi hiyo, Aline aliiona juu ya meza ya mama yake saa moja ya dhahabu iliyokuwa ikimeremeta. Ilikuwa ya Bwana Perrenoud, mwenye duka la dawa. Mji mzima uliijua habari yake: ilikuwa ya marehemu baba yake, ilisimama zamani sana yeye akiwa bado mtoto mchanga, na tangu hapo ililala kabatini. Sasa binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na Bwana Perrenoud alitaka kuivaa kanisani. Bi Josiane aliifufua, na Bwana Adelino Teixeira, mng'arishaji wa karakana, alilisugua kasha lake mpaka likang'aa.

Aline aliinama, akatazama kwa karibu. Ufagio ulimtoka mkononi. Mshale wa sekunde ulikuwa unaruka. Tik, unasimama. Tik, unasimama.

"Aline! Utachelewa shule, wewe!" mama yake aliita kutoka chumba cha pili, huku mkono wake umeziba simu. Aline alitaka kumuuliza, lakini simu ile haikuelekea kuisha. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Kama angekaa kimya, yote yangeishia hapo. Lakini ulimi hauna mfupa, na wa Aline ulikuwa mwepesi kuliko miguu yake. Wakati wa mapumziko watoto walikuwa wamesimama uani wakila mkate na chokoleti. Pascal, mpwa wa mwenye duka la dawa, alikuwa akijigamba kama kawaida yake.

"Saa ya babu yangu hakuna mfano wake mji huu," alisema. "Nyie mafundi mnatengeneza tu. Kuvaa mtavaa wapi? Mama yake Aline mwenyewe anavaa saa ya plastiki!"

Watoto walicheka. Aline alihisi masikio yake yanawaka moto.

"Afadhali plastiki ya kweli kuliko dhahabu ya uongo," alijibu. "Saa ya babu yako ni feki."

"Nini?"

"Feki! Nimeiona kwa macho yangu. Mshale unaruka kama chura."

Lurdes, aliyekaa na Aline dawati moja, alimvuta mkono wa koti. Lurdes alikuwa binti wa Bwana Adelino. Walikuja kutoka Ureno mwaka uliotangulia, na kibali cha baba yake cha kuishi nchini kilitegemea kazi ile ya karakana.

"Aline, acha," alinong'ona. "Saa hiyo baba yangu ndiye aliyeing'arisha."

Alinong'ona, lakini Pascal alikuwa na masikio. "Baba yako?" aliuliza polepole, akimtazama Lurdes kuanzia viatu mpaka kofia. "Ahaa."

Jioni hiyo neno lilitoka uani likaingia kwenye duka la mikate, kutoka duka la mikate likapanda mpaka duka la dawa. Lilipofika huko, lilikuwa limekwisha kunenepa. Bwana Perrenoud aliketi akawaza. Baba yake alikuwa mtu wa heshima, hakununua vitu bandia. Basi kama saa ilikwenda karakana ikiwa ya kweli, na sasa ni bandia, kuna mtu aliyeitoa matumbo yake. Na mle karakana mgeni alikuwa mmoja tu, akalisema hilo kwa sauti mbele ya wateja wake.

Ijumaa mchana Aline alirudi nyumbani kula. Alipopanda ngazi alikuta mlango wa karakana uko wazi kabisa, baridi yote inaingia ndani. Majirani watatu walikuwa wamesimama kwenye ngazi wakichungulia, na Pascal alikuwa mbele yao. Bi Josiane hakuwepo. Alikuwa amepanda treni asubuhi kwenda mji wa Biel kutafuta vipuri, na hakuwa wa kurudi mpaka treni ya mchana.

Bwana Perrenoud alisimama katikati ya chumba na koti lake zito. Ng'ambo ya meza alikuwa Bwana Adelino, viganja vyake viwili vimelazwa mezani, vidole vimenyooshwa. Aliamriwa aviweke hivyo ili vionekane. Katikati yao ilikuwa saa ya dhahabu, na mshale wake uliendelea kuruka kana kwamba haukuhusika.

"Nauliza kwa mara ya mwisho," alisema Bwana Perrenoud. "Matumbo ya saa ya baba yangu yako wapi?"

"Bwana, mimi kazi yangu kasha tu. Ndani siingii. Ndani ni kwa Bi Josiane."

"Josiane namjua tangu akiwa anasukwa nywele. Wewe nakujua kwa lipi?"

"Mke wangu ananunua dawa kwako kila mwezi, bwana," alisema Bwana Adelino kwa sauti ya chini. "Wewe mwenyewe unamfungia."

Jirani mmoja aliguna. Bwana Perrenoud aligeuka akamwona Aline mlangoni.

"Huyu hapa! Njoo, mwanangu, usiogope. Wewe ni mtoto wa fundi. Waambie watu hawa ulichoona. Saa hii ni ya kweli au ni bandia?"

Aline aliingia hatua moja. Watu wote walimtazama. Pascal alimtazama. Na nyuma ya majirani, akihema kwa kukimbia, alikuwa amefika Lurdes.

Aline angeweza kusema neno moja tu na kubaki bingwa. Bado aliamini kwamba mshale ukiruka saa ni bandia; kila mtu mjini aliamini hivyo. Lakini alipoviona vile viganja mezani, vyeusi kwenye kucha kwa unga wa kung'arishia, alijiuliza anajua nini hasa. Alijua kwamba aliinama na ufagio mkononi akatazama kupitia kioo. Baada ya hapo, yote mengine aliyasema kwa hasira.

"Niliona mshale unaruka," alisema. "Basi, ni hilo tu. Sikuifungua. Hata kuishika sikuishika. Nilisema ni feki kwa sababu Pascal alimcheka mama."

"Mshale unaruka au hauruki?"

"Unaruka, bwana."

"Basi imekwisha." Bwana Perrenoud alinyoosha mkono kwenye simu ya ukutani. "Polisi wataifungua wao. Na huyu ataondoka nao."

Lurdes alilia, sauti ndogo tu, akajiziba mdomo. Hapo Aline alisahau woga wake.

"Ngoja, bwana! Isikilize kwanza. Mama husema jicho hudanganyika upesi kuliko sikio. Saa ya betri haina moyo. Ukiiweka sikioni inagonga mara moja, inanyamaza, inagonga tena. Isikilize wewe mwenyewe, mimi siigusi."

Bwana Perrenoud alisita. Mkono wake bado ulikuwa juu ya simu. "Sauti itanisaidia nini?" alinung'unika, lakini aliichukua saa akaiweka sikioni. Majirani waliacha hata kupiga chafya. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira, kisha pole pole mikunjo ikaanza kubadilika.

"Inakimbia," alisema. "Ndani inakimbia mbio." Aliitoa sikioni, akautazama mshale. Tik, unasimama. Akairudisha sikioni. "Ndani inakimbia, na nje inaruka. Sasa hiyo ni saa gani?"

"Sijui," Aline alisema. Katika maisha yake yote hakuwahi kulisema neno hilo kuhusu saa, na lilimtoka kwa shida. "Mimi sijui, bwana. Na wewe hujui. Anayejua ni mama. Tumsubiri."

Bwana Perrenoud aliiacha simu. Lakini alivuta kiti akakaa mlangoni, akasema, "Nitasubiri. Ila huyu hatoki humu."

Walisubiri. Supu ya Aline ilipoa jikoni na hakuna aliyeikumbuka. Bwana Adelino hakuviondoa viganja vyake mezani, ingawa sasa hakuna aliyemlazimisha. Aline alimtazama Lurdes ili amwombe radhi hata kwa macho tu, lakini Lurdes alimpa mgongo. Kila kitu kilichoning'inia ukutani kilihesabu muda, na muda haukwenda.

Hatimaye viatu vikasikika ngazini, na Bi Josiane akaingia, theluji imejaa mabegani. Aliwaangalia majirani, Bwana Perrenoud na kiti chake, na mikono iliyolazwa mezani. Watu watatu walianza kumweleza kwa pamoja. Akanyanyua kidole, wakanyamaza.

"Aline. Eleza wewe."

Aline alieleza yote, tangu ufagio mpaka simu. Hakujipunguzia hata neno moja. Mama yake hakumkaripia, na hilo lilimtisha zaidi. Alivua koti, akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akavaa koti lake jeupe la kazi. Kisha akamgusa Bwana Adelino begani.

"Inua mikono yako, kaka. Hii ni meza ya kazi, si kituo cha polisi."

Aliketi, akaifungua saa kwa nyuma, akailaza chini ya taa. Akampa Bwana Perrenoud lenzi ya kuvaa jichoni. "Njoo uone mwenyewe, maana nikikuambia tu utasema namtetea mtu wangu. Betri iko wapi?"

Bwana Perrenoud aliinama. "Haipo."

"Tazama hizi skrubu. Vichwa vyake vimesuguliwa kama kioo. Sasa tazama chini ya hiki kipande, mahali ambapo hata mwenye saa haoni maisha yake yote. Unaona nini?"

"Kumesuguliwa vilevile. Kingo zote."

"Saa bandia hupambwa panapoonekana. Hii imepambwa hata pasipoonekana. Namba iliyochongwa hapa, kila tarakimu ina kina kimoja na ncha kali. Ya kughushi ingekuwa kama imeandikwa kwa msumari. Na hapa kwenye kifuniko kuna makwaruzo madogo, umeyaona? Sisi mafundi tukifungua saa tunaacha alama. Hii mpya ni yangu ya wiki hii. Hii nyingine ni ya zamani, ya fundi aliyeifungua kabla yangu, marehemu sasa. Mwizi wa kuja na kifuniko chenye mwandiko wa marehemu bado hajazaliwa."

"Lakini mshale, Josiane! Mshale unaruka!"

"Unaruka kwa sababu uliundwa uruke." Alionyesha kwa ncha ya kibano. "Humu mna gurudumu moja la ziada na springi nyembamba kama unywele. Moyo unapiga mara tano kwa sekunde. Springi inayashika yale mapigo, sekunde ikitimia ndipo inaachia, mshale unaruka mara moja. Saa za aina hii walitengenezewa madaktari na watu wa maabara, watu wanaohesabu sekunde. Zilitengenezwa chache sana, zamani, kabla betri haijaingia kwenye saa. Baba yako alikuwa anauza dawa. Alijua alichonunua."

Bwana Perrenoud alibaki ameinama na lenzi jichoni kwa muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa mwekundu, na si kwa baridi.

"Hata siku moja sikuiona ikitembea," alisema. "Niliijua ikiwa imekufa tu."

Kisha akamgeukia Bwana Adelino, akamnyooshea mkono. "Bwana Teixeira, nimekosa. Tupeane mikono, yaishe."

Bwana Adelino aliutazama mkono ule. Hakuupokea.

"Bwana, uliniita mwizi mlango ukiwa wazi," alisema. "Majirani walisikia. Dukani kwako walisikia. Usinisafishe huku mlango umefungwa."

Pascal alikuwa anasogea kidogo kidogo kuelekea ngazini, lakini mjomba wake alimkamata kola.

"Wewe unakwenda wapi? Twende wote," alisema Bwana Perrenoud. Akavaa kofia yake. "Bwana Teixeira, naomba unisindikize dukani. Saa hizi pamejaa wateja. Nitayasema pale pale nilipoyasema jana, na kwa sauti ile ile. Baada ya hapo ukitaka kunipa mkono utanipa, usipotaka ni haki yako."

Walitoka, majirani nyuma yao. Na watu waliokuwa dukani mchana ule wanasema kwamba Bwana Adelino aliupokea mkono, ila hakuupokea haraka.

Karakana ikabaki na watu watatu. Aline alimsogelea Lurdes. "Nisamehe," alisema. "Nilikosa sana."

"Ungenyamaza tu jana," Lurdes alijibu bila kumtazama. "Nilikuomba."

"Ulimchafua baba yake mbele ya watu wangapi?" mama aliuliza kutoka mezani, huku akikifunga kifuniko cha saa.

Aline aliinamisha kichwa. "Uani palijaa, mama."

"Basi unajua pa kwenda."

Aline alikwenda. Kengele ya mchana ilipokaribia kulia, alipanda juu ya benchi la uani, akapiga makofi mpaka watoto wakamgeukia, akasema saa ile ni ya kweli, Bwana Teixeira ni mtu mwaminifu, na mwongo alikuwa yeye. Wengine walizomea: "Fundi wa mdomo! Fundi wa mdomo!" Machozi yalimlengalenga, lakini hakushuka. Alirudia tena tangu mwanzo kwa ajili ya waliokuwa mbali. Aliposhuka, Lurdes alikuwa amesimama pembeni ya benchi. Hakutabasamu, ila walipoingia darasani aliketi kwenye dawati lao.

Jioni, Aline na mama yake walikula viazi na jibini. Mwishowe Aline hakuweza kuvumilia.

"Mama, mbona hunigombezi? Mimi nilidhani najua. Kila mtu anasema mshale ukiruka ni bandia."

Bi Josiane aliweka uma chini.

"Kila mtu anasema, na mara nyingi ni kweli. Lakini mara nyingi si mara zote, mwanangu. Saa naifungua kabla sijaihukumu, na nina bisibisi na lenzi na miaka ishirini ya kazi. Mtu hana kifuniko cha kufungua. Basi sisi tutamhukumuje upesi upesi?" Alichukua tena uma. "Leo ulipata shida kusema neno 'sijui' mbele ya watu. Nimeambiwa. Ulizoee. 'Sijui' haijawahi kumfukuza mtu kazi. 'Najua' yako ya jana ilibaki kidogo tu imfukuze mtu nchi, na mtoto wake."

Aline alivuta sahani karibu, akalijaribu neno hilo polepole: "Sijui."